Kuagana ni Kuagizana: Kutoka Mlima Sekenke hadi Japani

Ukitoka Singida mjini kwenda Nzega, ukishapita njia panda ya Misigiri inayochepuka kwenda Kiomboi, barabara huanza kuinama. Abiria waliokuwa wakisinzia hufumbua macho. Ni mlima Sekenke. Kona zikishakwisha, nchi hufunguka kama mkeka uliokunjuliwa: mbuga ya Wembere, vumbi la Shelui, na mbele zaidi njia ya Mwanza. Siku za barabara ya vumbi, kabla lami haijafika mwanzoni mwa karne hii, kona hizo zilikuwa mtihani wa dereva na breki zake. Aliyesindikizwa kupanda basi aliombewa dua kwanza, ndipo akapungiwa mkono.

Tazama magari yanayoukwea mlima huo leo. Fuso limebeba alizeti, Canter limebeba vitunguu, Hiace limebeba watu kupita kiasi. Mengi yametoka Japani yakiwa yametumika, na mengine bado yana maandishi ya huko ubavuni, hayakufutwa. Pengine ni jina la duka la samaki, pengine la shule ya chekechea. Utingo hajui wala hajali. Mtoto wa Sekenke huziona herufi za Kijapani kabla hajaonyeshwa Japani kwenye ramani.

Magari huja bila kuagwa. Watu je? Kwa zaidi ya miaka sitini sasa Wajapani wamekuja kujifunza na kufundisha Tanzania, na Watanzania wamekwenda kusoma Japani, na kila safari imekwisha kwa kuagana. Historia ya kuagana huko haijaandikwa sana, kwa sababu waandishi hupenda mikataba na mawe ya msingi. Lakini urafiki wa nchi mbili hupimwa vizuri zaidi siku mgeni anapofunga mizigo.

Dhahabu iliyoondoka bila kuaga

Sekenke inajua kuondokewa. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani walichimba dhahabu hapa, katika mgodi wa kwanza wa dhahabu wa koloni lao la Afrika Mashariki. Vita vilipopamba moto, manowari za Waingereza zikaifunga pwani, na serikali ya kikoloni ikaishiwa sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, dhahabu ya Sekenke ikageuzwa sarafu za rupia 15. Upande mmoja aliwekwa tai wa Kijerumani, upande wa pili tembo mwenye mlima nyuma yake. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000.

Leo sarafu hizo zimo katika makabati ya wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, na huuzwa kwa bei inayozidi thamani ya dhahabu iliyomo. Anayeinunua hufurahia tembo. Kijiji ilikochimbwa hakimdai salamu, naye hakidai kitu. Dhahabu iliondoka bila kuaga, na kisichoaga hakiagizwi.

Maneno hayo mawili, kuaga na kuagiza, si ya kukutanishwa kwa mizaha tu. Ni ndugu wa tumbo moja. Kutokana na aga tumepata agana, na kuagana kwa Kiswahili ni mambo mawili kwa pamoja: kupeana kwaheri na kupatana. Kutoka hapo likazaliwa agano, lile la Biblia na lile la watu wawili walioshikana mikono. Likazaliwa pia agizo. Ndiyo maana bibi akimwaga mjukuu hamwachi hivi hivi. Humwambia: ukifika utusalimie, ukipata utukumbuke, usije ukaoa huko ukatusahau. Buriani nayo ina deni lake, kwani anayesema buriani anaomba radhi, asiondoke na kinyongo cha mtu mgongoni.

Wajapani nao wana sayonara, neno linalojulikana dunia nzima na ambalo wao wenyewe hawalitumii ovyo, maana linabeba uzito wa kutengana kwa muda mrefu. Asili yake ni maneno yenye maana ya "kama ni hivyo, basi". Msikilize Mtanzania anayemaliza kuongea na simu: "Haya basi." Mataifa mawili yaliyotenganishwa na bahari yamefika mahali pamoja: mazungumzo yamefikia ukingoni, mambo ni kama yalivyo, basi tuachane.

Maji ya Wembere na wageni wa Kyoto

Maji ya mbuga ya Wembere, chini ya Sekenke, hutiririka hadi ziwa Kitangiri. Kutoka Kitangiri mto Sibiti huyapeleka ziwa Eyasi. Kando ya Eyasi, upande wa kaskazini mashariki, iko Mangola, na huko ndiko mwanzoni mwa miaka ya 1960 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kyoto walikopiga kambi. Tanganyika ilikuwa changa, hata haijaungana na Zanzibar. Wajapani hao waliishi karibu na Wadatoga, Wairaqw na Wahadza, wakajifunza Kiswahili, wakaandika namna watu wanavyochunga, wanavyolima na wanavyokula.

Mmoja wao alikuwa Tadao Umesao, aliyekuwa Mangola mwaka 1963 na 1964. Alirudi kwao akaandika kitabu juu ya savana ile, na baadaye akawa mkurugenzi mkuu wa kwanza wa Makumbusho ya Taifa ya Etnolojia mkoani Osaka. Upande wa magharibi, kando ya ziwa Tanganyika, Toshisada Nishida alianza mwaka 1965 kuwafuatilia sokwe wa Mahale. Aliaga na kurudi, akaaga tena na kurudi tena, kwa miaka mingi. Mwaka 1985 Mahale ilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa, naye na wenzake walikuwa miongoni mwa waliolipigania jambo hilo. Huyo ni mgeni aliyelitimiza agizo, hata kama agizo lenyewe halikuandikwa popote.

Baada ya watafiti wakaja vijana. Japani iliunda kikosi chake cha vijana wa kujitolea mwaka 1965, na wa kwanza wakafika Tanzania mwaka 1967. Tangu hapo wamekuja zaidi ya elfu moja: walimu wa hisabati na sayansi, mafundi, wauguzi, wataalamu wa kilimo. Kabla ya safari hukaa kambini kwao, kwa mfano Komagane mkoani Nagano, wakifundishwa Kiswahili kwa wiki kadhaa. Wakifika hupewa nyumba karibu na shule, na muda wao kwa kawaida ni miaka miwili. Miaka miwili inatosha mtu kujua kununua nyanya kwa fungu, kusonga ugali usio na madonge, na kuitikia "shikamoo" bila kugugumia.

Ikifika siku ya kuaga, shule hufanya kile ambacho kila shule ya Tanzania inakijua. Meza kuu huvalishwa vitambaa, mgeni rasmi huchelewa, na mwanafunzi mwenye sauti husoma risala yenye mafanikio, changamoto na maombi. Pilau huiva. Halafu wanakuja kina mama na khanga. Mgeni hufungwa moja kiunoni na nyingine mabegani, vigelegele vinapigwa, na mara nyingi mtu humletea kuku wa kienyeji aliyefungwa miguu, zawadi ambayo Singida inasifika kwayo na ambayo hakuna ndege ya abiria inayoikubali.

Ndani ya khanga hiyo mna kisa ambacho wengi wa wanaomfunga mgeni hawakijui. Katikati ya karne ya 20, kabla viwanda vya nguo vya Afrika Mashariki havijapata nguvu, sehemu kubwa ya khanga zilizovaliwa pwani na bara zilichapwa Japani. Wafanyabiashara wa Mombasa walipeleka michoro na majina, viwanda vikachapa, meli zikaleta. Mchapaji hakujua Kiswahili, lakini mikono yake ilipitisha methali, mafumbo na vijembe vya wake wenza. Kwa hiyo bibi wa Kijapani aliyefanya kazi ya kuchapa nguo ujanani, na bibi wa Iramba aliyeolewa kwa doti hiyo, waliwahi kushika kitambaa kimoja. Hawakuwahi kuonana.

Kusindikiza kwa miguu, kusindikiza kwa macho

Safari za upande wa pili nazo zina umri. Ufadhili wa Serikali ya Japani kwa wanafunzi wa kigeni ulianza mwaka 1954, na Watanzania wamekuwa wakiupata kwa miongo mingi. Mwaka 2013, katika TICAD, mkutano wa maendeleo ya Afrika, uliofanyika Yokohama, ukatangazwa mpango wa ABE wa kuwapeleka vijana 1,000 wa Afrika kusoma shahada ya uzamili na kufanya mazoezi ya kazi katika kampuni za huko. Kundi la kwanza lilianza masomo mwaka uliofuata.

Anayekwenda hujifunza kuaga upya. Katika nyumba ya Kijapani mtu hatoki mlangoni kimya, hata akienda dukani. Husema itte kimasu, yaani naenda narudi, na waliobaki humwitikia maneno yenye maana ya nenda urudi. Mwanafunzi wa Kitanzania halioni hilo kuwa geni, kwani hata Shelui mtu huaga kwa "naenda narudi", akijua kabisa kwamba hatarudi upesi.

Masomo yakiisha, wenzake humwandalia sobetsukai, karamu ya kuagana. Hupewa kadi ngumu ya mraba, ambayo kila mmoja ameiandikia maneno machache, yakizunguka kama miale ya jua. Huenda akausikia wimbo wa Hotaru no Hikari, ambao shule za Japani zimeuimba tangu 1881 kwa tuni iliyotoka Uskoti. Tuni hiyo hiyo hupigwa madukani jioni wateja watoke, kwa hiyo mgeni hushangaa kuona machozi ya mahafali na milango ya maduka vikifungwa kwa muziki mmoja.

Kisha huja kituo cha treni. Kwetu anayesindikiza hutoka na mgeni. Humbebea begi, huongea naye njiani, hufika naye mpaka njia panda, na wakati mwingine mgeni naye humrudisha msindikizaji nusu ya njia. Wajapani husimama. Huinama, hupunga mkono, na hawaondoki mpaka treni itoweke kabisa. Neno lao ni miokuri, lililoundwa kwa kuona na kupeleka. Sisi husindikiza kwa miguu, wao husindikiza kwa macho.

Septemba yenye habari mbili

Si kila urafiki unapewa nafasi ya kuagana vizuri. Mji mdogo wa Nagai, mkoani Yamagata, ulikuwa mwenyeji wa Tanzania kwa ajili ya Olimpiki ya Tokyo. Agosti 2025, kwenye TICAD ya tisa huko Yokohama, JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, likautangaza kuwa "mji wa nyumbani" wa Tanzania, kwa lengo la kubadilishana watu na ujuzi. Uvumi ukapita mbele ya maelezo. Mitandaoni wakasema mji umetolewa kwa wageni, kwamba wahamiaji wanakuja kwa wingi. Simu za malalamiko zikamiminika katika ofisi za mji. Tarehe 25 Septemba JICA ikaufuta mpango huo. Hapakuwa na karamu, kadi ya mraba wala khanga.

Siku kumi kabla, tarehe 15 Septemba, Alphonce Simbu, mkimbiaji wa marathoni mzaliwa wa mkoa wa Singida, aliingia uwanjani Tokyo akikimbizana na Mjerumani Amanal Petros. Baada ya kilomita 42 walifika mstarini pamoja, wote kwa saa 2:09:48, ikabidi picha itazamwe. Simbu alishinda kwa sekunde 0.03. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha.

Japani haikuwa ngeni kwa wakimbiaji wetu. Juma Ikangaa alishinda mbio za Tokyo mwaka 1984 na 1986, na mwaka huo wa pili akashinda pia Fukuoka. Aliporudi na kuzeeka hakuziacha medali zifanye kazi peke yake. Alishirikiana na JICA kuanzisha Ladies First, mashindano ya riadha ya wanawake yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017. Alichokipata huko akakifanyia agizo huku.

Kwa hiyo kisa hiki kina dhahabu mbili za mkoa wa Singida. Ile ya Sekenke ilipelekwa Tabora, ikapigwa chapa ya tembo, ikapotelea ng'ambo. Hii ya Tokyo ilifuatwa na kijana aliyeagwa nyumbani kwake, akaagizwa kama wanavyoagizwa wote, naye akarudi nayo shingoni.