Miji ilipokosa madiwani wake

Neno diwani lina maana mbili: kitabu cha mashairi, na mtu aliyechaguliwa na wakazi wa kata kuwasemea katika baraza la mji wao. Sheikh Kaluta Amri Abedi alizibeba zote mbili. Mwaka 1954 alitoa kitabu chake, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Baadaye akawa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, katika siku ambazo Tanganyika ilikuwa ikiusubiri Uhuru. Alifariki mwaka 1964. Haikupita miaka mingi, na baraza aliloliongoza likafutwa.

Mwaka 1972 Mwalimu Julius Nyerere alitangaza mpango wa Madaraka Mikoani, ulioandaliwa kwa msaada wa washauri wa kampuni ya McKinsey ya Marekani. Nia ilikuwa njema: mambo ya Kigoma au Lindi yasingoje idhini ya wizara Dar es Salaam. Halmashauri nazo zilikuwa taabani, kwa kuwa kodi ya kichwa iliyozilisha ilikuwa imeondolewa, huku mzigo wa shule, zahanati na barabara ukibaki mabegani mwao. Serikali ikaamua kuzivunja. Zilianza za wilaya mwaka huohuo, zikafuata za miji. Kazi zao wakakabidhiwa wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa. Madaraka yalifika mikoani kweli, ila yalikomea ofisini kwa mteuliwa. Mpiga kura hakuyaona.

Vijiji ndivyo vilivyotazamwa zaidi na mpango ule, na miji ikabaki yatima. Mji una shida za kila siku. Taka zisipozolewa leo, kesho zinaoza na keshokutwa zimeziba mtaro. Mvua ikinyesha, maji ya choo yanaingia uani. Palipokuwa na baraza, mkazi alipiga hodi kwa diwani wake, naye diwani akalipeleka jambo kikaoni, akijua kwamba siku ya kura ataulizwa. Baraza lilipoondoka, mlango huo ulifungwa. Mkurugenzi aliwajibika kwa waliomteua, na mtaro wa uswahilini ulikuwa mbali na meza zao.

Mwishoni mwa mwaka 1977 kipindupindu kilizuka nchini, kikaingia na mijini. Ugonjwa huu hupita katika maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi, kwa hiyo ulianika hali ya vyoo, mitaro na madampo yetu kuliko ripoti yoyote. Mwaka 1978 Bunge lilipitisha sheria ya kurudisha mabaraza ya miji. Wilaya zilingoja zaidi: Sheria Namba 7 na Namba 8 za mwaka 1982 ziliweka msingi mpya, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza kazi tena. Katiba nayo, katika ibara za 145 na 146, ikatamka kwamba serikali za mitaa zipo ili kuwapa wananchi madaraka.

Mwaka huohuo wa 1984, katika mahojiano, Mwalimu alikiri kwamba kama angeanza upya, asingefuta serikali za mitaa wala asingevunja vyama vya ushirika. Ni viongozi wachache waliowahi kusema hivyo wakiwa bado madarakani.

Hata hivyo, kurudisha baraza si kulipa nguvu. Mwaka 1996 Waziri Mkuu Frederick Sumaye alilivunja baraza la Jiji la Dar es Salaam lililokuwa limeshindwa kazi, akaweka Tume ya Jiji chini ya Charles Keenja. Wakazi wengi wanaikumbuka tume hiyo kwa usafi. Sifa hiyo ni haki yake, lakini tume haipigiwi kura, na madiwani walirejea mwaka 2000. Kisha, Februari 2021, Halmashauri ya Jiji ikavunjwa tena, na Manispaa ya Ilala ikapandishwa kuwa jiji.

Mfuko nao umetobolewa mara kwa mara. Kodi ya maendeleo iliyorudi pamoja na halmashauri ilifutwa mwaka 2003. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo, chanzo ambacho mji wowote hukitegemea, ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mkurugenzi wa halmashauri, ambaye ndiye mtendaji wake mkuu, huteuliwa na Rais. Diwani anaulizwa mtaro, naye hana fungu la kuuchimba wala sauti juu ya ajira ya mkurugenzi.

Miaka ya sabini ilitufundisha kwa gharama ya maisha ya watu kwamba mji hauendeshwi kwa amri ya mbali. Tuwarudishie madiwani vyanzo vyao vya mapato, kisha tuwadai hesabu bila huruma. Na sisi wakazi tuanze na lililo mikononi mwetu: vikao vya baraza la madiwani viko wazi kwa wananchi. Ulizia ofisi ya kata yako tarehe ya kikao kijacho, uende ukasikilize wanavyokusemea.