Mirathi na Wasia kwa Waislamu wa Bujumbura

Waislamu wa kwanza kukaa katika pwani ya Ziwa Tanganyika upande wa Burundi walifuata njia ya biashara kutoka Ujiji katika karne ya 19, nao walikuja na elimu ya mirathi kama walivyokuja na Sala. Wajerumani walipojenga boma la Usumbura mwaka 1897, mji ulikua kwa askari, wachukuzi na wachuuzi, wengi wao Waislamu wenye kusema Kiswahili. Wakati huo tarika ya maiti ilikuwa nguo, mbuzi na fedha taslimu, vitu ambavyo mwenye elimu aliweza kuvigawa kabla ya jua kuchwa. Ugumu ulianza pale watu walipomiliki nyumba, kwani nyumba ya vyumba vitatu haigawanyiki kama jora la kaniki.

Wabelgiji walishika nchi mwaka 1916. Wao hawakuwatambua makadhi serikalini, kama ilivyokuwa Unguja na Mombasa chini ya Waingereza. Kenya mpaka leo Katiba yake ya 2010, kifungu cha 170, inalinda mahakama ya kadhi katika mirathi ya Waislamu. Burundi haina mahakama ya namna hiyo. Baada ya Uhuru wa 1962 ilitungwa sheria ya watu na jamaa mwaka 1980, ikatengenezwa upya tarehe 28 Aprili 1993; imeeleza ndoa na nasaba, lakini mirathi haikuitia ndani. Mswada wa mirathi umejadiliwa miaka mingi bila kupitishwa. Basi pengo hilo limejazwa na desturi, ambayo kwayo mtoto wa kiume hurithi shamba la baba, na binti, aghlabu, hupata kipande cha kutumia tu.

Hapa ndipo penye fitina, Nyakabiga na hata Buyenzi. Chukua mfano wa mtu aliyekufa akaacha mke mmoja, wana wawili na binti mmoja. Yakishatolewa mazishi, madeni (na mahari isiyolipwa ni deni) na wasia, mali hufanywa mafungu 40: mke 5, kila mwana 14, binti 7. Hesabu hii yajulikana na kila aliyesoma Sura ya Nisaa. Lakini wana hushika nyumba, humwambia dada yao kwamba yeye ni wa kwa mumewe, na siku hiyo huikumbuka desturi ya milimani ambayo hawakuifuata katika ndoa zao wala katika vyakula vyao. Huo si ufuasi wa desturi, ni tamaa iliyovaa kanzu.

Wasia nao hufahamika vibaya. Mtu hawezi kuusia zaidi ya theluthi, wala kumwusia mrithi ila warithi wengine waridhie. Theluthi ni ya yatima aliyelelewa nyumbani, msikiti, au jamaa asiye na fungu. Kuna jambo zito zaidi: sheria ya nchi imekataza ndoa ya mke wa pili, na mjane wa nikaha ambaye hakuandikwa serikalini hana cha kuonyesha mbele ya hakimu. Mume mwenye hofu ya Mungu humpa hiba akiwa hai na mzima, akamkabidhi mali mbele ya mashahidi, kwani ahadi ya mdomo huzikwa pamoja na msemaji.

Kwa kuwa sheikh hana nguvu ya kulazimisha, mgawanyo wake husimama kwa ridhaa. Warithi wote hukutanishwa, wanawake wakiwemo. Mali na madeni huandikwa, na kila mmoja hutia sahihi au kidole gumba. Asiyeridhika huenda kwa tribinali, na huko karatasi hiyo huwa ni ushahidi. Mwenye ndugu Ujiji ajue kwamba Tanzania njia ni nyingine: Mahakama ya Mwanzo huteua msimamizi wa mirathi, naye hugawa kwa sheria ya Kiislamu ikiwa marehemu aliishi kwayo.

Nyumba haina haja ya kubomolewa wala kuuzwa. Huthaminiwa kwa faranga, na wana wanaotaka kubaki humlipa dada yao mafungu yake 7 kidogo kidogo, kila malipo yakiandikwa nyuma ya karatasi ileile, mbele ya mashahidi walewale.