Asteroidi

Neno asteroidi lilianza kutumiwa na mwanaastronomia William Herschel mwaka 1802, kutoka Kigiriki, kwa maana ya kitu kinachofanana na nyota, kwa kuwa hata katika darubini yake kilionekana nukta tu. Lakini asteroidi si nyota: ni miamba inayolizunguka Jua. Ndiyo maana napenda zaidi tuseme sayari ndogo, jina linalotaja kazi yake badala ya sura. Mwaka 1933, mjini Johannesburg, mwanaastronomia Cyril Jackson aligundua mbili zinazotuhusu hasa: 1278 Kenya na 1279 Uganda. Namba hutangulia mzingo ukishathibitishwa, kisha jina hufuata. Kenya hii hupita baina ya Mirihi na Mshtarii, na mzunguko mmoja huichukua zaidi ya miaka mitatu na nusu.