Royal Cambrian Academy na Nyumba ya Plas Mawr

Royal Cambrian Academy ni akademia ya wachoraji na wachongaji yenye makao yake Conwy, mji mdogo wa pwani ya kaskazini mwa Welisi uliozungukwa na ukuta wa mawe wa karne ya 13. Akademia ya namna hii si shule kwa maana ya kawaida. Ni chama cha wasanii wanaochaguana wenyewe kwa kura, wanaoandaa maonyesho kila mwaka, na ambao kila mmoja wao ana haki ya kuandika herufi za chama baada ya jina lake. London ilikuwa na akademia yake tangu 1768, Dublin tangu 1823 na Edinburgh tangu 1826. Welisi ilingoja hadi miaka ya 1880, na zamu yake ilipofika, wengi wa walioianzisha walikuwa wageni kutoka England.

Ugeni huo una historia yake. Richard Wilson, aliyezaliwa Penegoes mwaka 1714, alikuwa mmoja wa waasisi wa akademia ya London. Baada ya kuishi Italia kwa miaka kadhaa alirudi na kuichora milima ya nyumbani kwao kwa heshima ambayo wachoraji wengine waliiwekea milima ya Roma. Mchoro wake wa mlima Snowdon ukitazamwa kutoka ziwa Nantlle ulionyesha kwamba nchi iliyodharauliwa kwa ukali wa majabali yake ilistahili sanaa kubwa. Kisha vita vya Ufaransa, kuanzia 1793 hadi 1815, vikafunga njia za kwenda Ulaya bara. Wachoraji wa England waliozoea kusafiri hadi milima ya Alps wakageukia Welisi, na wengi wao wakakuta huko zaidi ya walichotarajia.

Aliyewavuta wenzake kuliko wote ni David Cox wa Birmingham. Kuanzia 1844 hadi 1856 alikuja karibu kila majira ya joto katika kijiji cha Betws-y-Coed, akachora mito, mvua na watu waliokuwa wakienda mazishini, na hata akapaka kibao cha nyumba ya wageni ya Royal Oak alikofikia. Nyuma yake walifuata vijana kwa makumi, na Betws-y-Coed ikawa miongoni mwa makazi ya kwanza ya wachoraji katika Uingereza nzima. Njia zilizidi kuwa rahisi. Daraja la kuning'inia la Thomas Telford lilivuka mto Conwy mwaka 1826, daraja la reli la Robert Stephenson likafuata mwaka 1848, na mwaka 1868 gari moshi likafika Betws-y-Coed kwenyewe. Mchoraji aliyeishi bondeni sasa aliweza kupeleka picha zake Manchester au Liverpool bila shida, na huko ndiko walikokuwa wanunuzi: wenye viwanda vya pamba na wafanyabiashara waliotaka kutundika milima na maporomoko ya maji kwenye kuta za nyumba zao mpya.

Henry Clarence Whaite, aliyezaliwa Manchester mwaka 1828, ndiye aliyefaa kuongoza kundi hilo. Alikuwa fundi wa rangi za maji na za mafuta, mwenye jicho la subira kwa mwanga baada ya mvua, na alikuwa amehamia bonde la Conwy na kulifanya makazi yake. Mwishoni mwa 1881 wachoraji walikutana Llandudno Junction na kukubaliana kuunda akademia. Mwaka uliofuata Malkia Victoria aliipa ruhusa ya kujiita ya kifalme. Whaite akawa rais wake wa kwanza na akakaa katika kiti hicho hadi alipofariki mwaka 1912, takriban miaka 30.

Jina la kifalme halikuleta paa. Suluhisho lilipatikana katikati ya miaka ya 1880, pale Bwana wa Mostyn alipoikodisha akademia nyumba ya Plas Mawr, na hapa historia ya chama inaungana na historia ya nyumba iliyo nzuri kuliko mchoro wowote uliowahi kutundikwa ndani yake. Plas Mawr ilijengwa na Robert Wynn, mwana wa ukoo wa Gwydir aliyetembea Ulaya katika utumishi wa mabalozi na kurudi na mali pamoja na ladha. Ujenzi ulianza 1576 na kukamilika 1585. Ndani, dari na kuta za vyumba vikubwa zimejaa mapambo ya plasta: ngao za koo, wanyama, maua na herufi R na W za jina la mwenyewe, zikirudiwa chumba baada ya chumba. Wynn alifariki mwaka 1598 na kuacha wosia wenye mafundo mengi, ambao mahakama haikuumaliza hadi miaka ya 1630. Baadaye nyumba ikaangukia mikononi mwa ukoo wa Mostyn, uliokuwa na makazi makubwa kwingine na haukuwa na haja ya kuibomoa au kuibadilisha. Kufikia karne ya 19 ilikuwa imegawanywa kwa wapangaji na kutumika kama shule. Uchakavu ulikuwa mkubwa, lakini umbo lake la asili lilikuwa bado zima.

Wachoraji walipoingia, umma ulipata sababu mpya ya kuijali. Mgeni aliyekuja kutazama picha aliona dari, na aliyekuja kutazama dari aliona picha. Mwaka 1888 wasanifu majengo Arthur Baker na Herbert Baker walichapisha kitabu chenye michoro ya kina ya nyumba hiyo. Herbert alikuwa bado kijana aliyejifunza kazi kwa jamaa yake Arthur. Baadaye alisanifu majengo ya serikali Pretoria na New Delhi, na katika miaka ya 1920 akasanifu Ikulu za gavana mjini Nairobi na Mombasa.

Vyumba vya Wynn vilikuwa na nakshi nyingi mno na nafasi ndogo ya kutundikia picha kubwa, kwa hiyo mwaka 1896 akademia iliongeza ukumbi wa maonyesho uliounganishwa na nyumba na kuitwa Victoria. Humo ndimo maonyesho ya mwaka yalimofanyika kwa karibu karne nzima.

Kulikuwa na dosari isiyofaa kufichwa. Vyama vya sanaa vya eneo hilo viliwafungia wanawake mlango, ingawa wengi walichora kwa ustadi. Wanawake wa eneo hilo la Gwynedd waliunda chama chao wenyewe, na Lady Augusta Mostyn, wa ukoo huohuo wa Mostyn, akawajengea jumba la sanaa huko Llandudno, lililofunguliwa mwanzoni mwa karne ya 20 na kutajwa kuwa miongoni mwa majumba ya kwanza duniani kujengwa mahususi kwa kazi za wanawake. Jumba hilo, Mostyn, lipo hadi leo, na limekuwa na heshima kubwa katika sanaa ya kisasa.

Baada ya Whaite uongozi ulishikwa na Cuthbert Grundy, ambaye pamoja na kaka yake waliupa mji wa Blackpool jumba lake la sanaa. Mwaka 1934 uongozi ulimwendea Augustus John, mzaliwa wa Tenby, mchoraji mashuhuri kuliko wote wa Welisi wakati huo. Aliondoka mwaka 1939.

Mwelisi aliyeigeuza akademia kuwa ya Wawelisi hasa ni Kyffin Williams. Alizaliwa Llangefni, kisiwani Anglesey, mwaka 1918. Alipogundulika kuwa na kifafa jeshini, daktari alimshauri ajishughulishe na sanaa, na ushauri huo ukawa maisha yake. Alifundisha katika shule moja ya London hadi 1973, lakini moyo wake ulibaki kwenye wakulima wa milimani na mbwa wao wa kondoo, ambao aliwachora kwa kisu cha rangi, kwa matabaka mazito ya kijivu, kijani na nyeusi. Aliongoza akademia kuanzia 1969 hadi 1976, akarudi tena miaka ya 1990, na alitumia jina lake bila kuchoka kuwatetea wachoraji wadogo wa nchi yake. Alifariki mwaka 2006.

Mwaka 1993 idara ya urithi wa kihistoria ya Welisi, Cadw, ilichukua Plas Mawr na kuanza kuikarabati. Ilifunguliwa tena mwaka 1997 ikiwa imepakwa rangi zake kali za awali na kupangwa kwa kufuata orodha ya vyombo ya mwaka 1665. Akademia ilihamia jumba lake la maonyesho katika Crown Lane, nyuma tu ya nyumba ile. Huko wanachama wake, ambao leo wanazidi mia moja, huonyesha kazi zao kila majira ya joto, na wasanii wasio wanachama hupewa maonyesho yao ya wazi ya kuwania nafasi.