Mfuko wa hewa kwenye usukani

Fundi makini akibadilisha mfuko wa hewa wa dereva kwenye gari la umeme la kusambazia mizigo, huchomoa betri ndogo ya volti 12 na kusubiri dakika kadhaa. Umeme uliobaki kwenye kapasita unatosha kuufyatua.

John Hetrick, Mmarekani, aliupatia hataza mwaka 1953, baada ya kutumbukia mtaroni na gari akiwa na mkewe na binti yao. Wake ulitumia hewa iliyoshindiliwa. Miongo baadaye Takata ya Japani ilitumia nitrati ya amonia. Joto na unyevu huiharibu, ikaungua kwa kasi mno, kasha la chuma likapasuka na vipande kumrukia dereva. Watu walikufa, kampuni ikafilisika 2017. Mfuko wa mtumba? Mimi siutaki, hata wa bure.