Kutoka Matembezi ya Azimio hadi Mbio za Hisani: Miguu na Afya katika Njia ya Bunda

Basi la Musoma kwenda Mwanza likishaondoka Bunda na kuuacha Mlima Balili nyuma, linavuka mto Rubana, kisha Grumeti, kisha Mbalageti. Kushoto ni mbuga za Serengeti, kulia ni Ghuba ya Speke, na katikati ni ukanda mwembamba ambao kila anayetoka mkoa wa Mara kwenda Mwanza kwa barabara hana budi kuufuata. Oktoba 1967 Mwalimu Julius Nyerere aliufuata kwa miguu, kutoka kijijini kwake Butiama hadi Mwanza kwenye mkutano mkuu wa chama cha TANU. Zilikuwa maili 138, takriban kilomita 222, kwa siku nane. Mkuu wa nchi mwenye umri wa miaka 45 alikuwa akitembea karibu kilomita 28 kwa siku, yaani theluthi mbili ya marathoni, na kulipokucha anaanza tena.

Alikuwa akiunga mkono Azimio la Arusha, tamko la ujamaa na kujitegemea la Februari mwaka huohuo. Hakuwa wa kwanza. Vijana kutoka sehemu mbalimbali za nchi walikwisha kuingia barabarani kwa ajili ya Azimio, na mmoja wao, Seti Benjamin, alifariki akiwa katika matembezi ya kutoka Arusha kwenda Dar es Salaam. Katika safari zile hakuna aliyepitisha bakuli. Mtu alitoa miguu yake kuonyesha kwamba anachokisema anakiamini, na aliyesimama kando ya barabara hakudaiwa kitu ila kusikiliza.

Naona hapo ndipo historia ya mbio za hisani nchini inapopaswa kuanzia, ingawa kwa kawaida huanziwa Moshi, kwenye Kilimanjaro Marathon ya 2003. Watanzania walizoea kuiona safari ndefu ya miguu kama jambo la umma kabla ya kampuni yoyote kuchapisha fulana. Mwenge wa Uhuru, uliowashwa kileleni Kilimanjaro Desemba 1961, ulianza mbio zake za nchi nzima mwaka 1964. Kwa miaka mingi sasa umekuwa ukifika wilayani, Bunda ikiwemo, na ujumbe wa UKIMWI, malaria na lishe, na mara nyingi zahanati mpya husubiri siku ya Mwenge ili izinduliwe.

Kwa nini basi matembezi ya wakati ule hayakuchangisha fedha za hospitali? Kwa sababu matibabu yalihesabiwa kuwa kazi ya serikali. Serikali ilikuwa ikishika mambo makubwa mikononi mwake: siku moja baada ya Azimio kutangazwa mabenki yalitaifishwa, ikazaliwa Benki ya Taifa ya Biashara, NBC. Katika muongo uliofuata zahanati zilisambazwa vijijini, na mgonjwa alitibiwa katika vituo vya serikali bila kulipa. Mwananchi alipoombwa mchango, aliombwa nguvu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya karibu watu wazima milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio. Wakishasikiliza, wanajadiliana, kisha wanakwenda kuchimba vyoo, kufyeka nyasi na kufukia madimbwi ya mbu.

Kwingineko njia ilikuwa nyingine. Mwaka 1980 kijana wa Kanada, Terry Fox, aliyekatwa mguu kwa saratani, alikimbia kwa mguu wa bandia karibu marathoni moja kila siku kwa siku 143, akichangisha fedha za utafiti wa ugonjwa huo, hadi saratani ilipoingia mapafuni ikamlazimu kusimama. Alifariki mwaka uliofuata. Kiangazi hichohicho mtoto wa Majita, mkoani Mara, alikuwa Moscow: Suleiman Nyambui alichukua medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki. Baadaye alihamia marathoni na kushinda Berlin mara mbili mfululizo, 1987 na 1988. Mara ilikuwa na bingwa wa marathoni kabla ya kuwa na wazo la kukimbia kwa ajili ya mgonjwa.

Nchini Tanzania mambo yaligeuka mwaka 1993, ulipoanza utaratibu wa kuchangia gharama katika hospitali za serikali. Sehemu ya gharama ilihamia mfukoni mwa familia, na pengo likaonekana. Kili Challenge ya kupanda Mlima Kilimanjaro kuchangia mapambano dhidi ya UKIMWI ilianza 2002. Mwaka 2020 benki ya CRDB ilianzisha mbio zake kwa ajili ya upasuaji wa moyo wa watoto katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na NBC ikaanzisha zake Dodoma kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi. Ni NBC ileile iliyozaliwa na Azimio, ikabinafsishwa mwaka 2000.

Silibezi hilo hata kidogo. Mtoto mwenye tundu kwenye moyo akipasuliwa, amepona, fedha iwe imetoka wapi. Lakini fedha hizo huchangishwa mijini na nyingi huishia kwenye hospitali kubwa. Mzazi wa Bunda anayetaka huduma ya taasisi hiyo hana budi kumsafirisha mtoto hadi Dar es Salaam, na kabla ya hapo lazima kituo cha karibu naye kiwe na mtu wa kuutambua ugonjwa.

Ndiyo maana nauthamini msafara wa baiskeli wa Twende Butiama, ambao tangu 2019 hutoka Dar es Salaam kuelekea kijijini kwa Mwalimu kwa kumbukumbu ya kifo chake, 14 Oktoba. Njiani wapanda baiskeli huacha miche ya miti, madawati na huduma za kupima afya, na mwanakijiji hupimwa palepale alipo. Atakayeanzisha mbio za hisani kati ya Butiama na Bunda aige hapo. Kwenye fomu ya usajili, kabla ya ada na saizi ya fulana, aandike jina la zahanati itakayopokea fedha na kitu kitakachonunuliwa: kitanda cha kujifungulia, mtungi wa oksijeni au jokofu la chanjo.