Gololi Zilizopasuliwa kwa Moto: Historia ya Kazi Yetu ya Mikono

Tumefikisha miaka kumi. Wenzangu wamenituma niandike historia ya kazi yetu ya vidani vya gololi. Mimi ni mwanamke wa darasa la saba, maneno makubwa sina. Nitaeleza kama ilivyokuwa, pamoja na pale nilipokosea.

Sisi watu wa Bagamoyo shanga si ngeni kwetu. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda bara ilianzia hapa, na mizigo yake mikubwa ilikuwa nguo, waya na shanga za kioo. Shanga nyingi zilitengenezwa Venice, huko Italia, zikaja kwa meli hadi Unguja, kisha zikavushwa huku. Wapagazi walizibeba mpaka Unyanyembe na Ujiji, na njiani zilitumika kama pesa za kununulia chakula. Zile nyekundu ziliitwa sami-sami. Lakini kila nchi na shanga yake. Henry Stanley alipojiandaa kwa safari mwaka 1871 ilimbidi kwanza aulize wenye uzoefu ni shanga gani inapokelewa wapi, kwani inayopendwa kwa hawa, wale hawaitaki hata bure. Ukikosea kuchagua, umebeba mzigo wa bure. Somo hili tungelijua mapema lingetufaa, kama mtakavyoona.

Gololi nazo zina safari yake. Zamani gololi za kioo zilitengenezwa moja moja kwa mkono, hasa Lauscha, Ujerumani. Mwaka 1905 Martin Christensen wa mji wa Akron, Marekani, akapewa hataza ya mashine yake ya kutengeneza vitu vya duara. Mashine zilipoenea, gololi zikawa rahisi, na leo mtoto yeyote anazo mfukoni.

Na kupasua kioo kwa makusudi pia si jambo la jana. Mafundi wa Venice katika karne ya 16 walichovya kioo cha moto kwenye maji baridi ili kitoe nyufa kama barafu. Baadaye sana, miaka ya 1960, huko Marekani watu walikuwa wakikaanga gololi jikoni mwao na kufanya vidani.

Kwetu sisi ilianza hivi. Mwenzetu mmoja alikuwa akifua nguo kwenye nyumba ya wageni. Akamwona mama mmoja mgeni amevaa kidani kinachometameta ndani kama maji yaliyoganda. Alipouliza, akaambiwa ni gololi tu, ya watoto. Akaja nayo habari hiyo kikaoni, tukacheka. Jumamosi yake tukajaribu.

Tulitia mchanga mkavu kwenye sufuria kuukuu, tukafukia gololi, moto chini na makaa juu ya mfuniko, kama tunavyopika mkate wa kumimina. Baada ya nusu saa hivi tukazitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya barafu. Zikalia ta! ta! ta! Sababu yake ni hii: kioo kikipata moto hutanuka. Kikiingia kwenye maji baridi, nje husinyaa upesi wakati ndani bado kuna moto. Basi nje huvutika mpaka kunatoka nyufa. Moto ukizidi, gololi hugawanyika vipande. Ukipungua, haipasuki kabisa. Ikitoka vizuri, tunabandika kikofia cha bati chenye kitanzi, tunapitisha kamba, kidani tayari.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nilikolea. Niliona tutajirika. Sanduku letu lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, lakini niliwafuata mmoja mmoja majumbani, wakanifungulia kwa heshima tu, bila kikao. Nikachukua fedha za mfuko wa jamii, zile za ugonjwa na msiba, nikanunua gololi kubwa, kamba na gundi ya bei rahisi. Tukatengeneza vidani vingi. Akina mama wa sokoni wakavipima shingoni, wakasema, "Bibi wee, hiki kizito, utadhani nimefungwa jiwe." Wachache walionunua wakavirudisha, gundi imeachia kwa jasho.

Wiki hiyo hiyo mtoto wa mwanachama akashikwa na homa kali usiku. Mama yake akaja kwangu kuomba fedha za mfuko. Hazikuwepo. Niliuza jogoo wangu na doti ya khanga alfajiri, tukamfikisha mtoto hospitali, na kwa rehema za Mungu akapona. Lakini yule mama hakunisalimia kwa muda mrefu, na alikuwa na haki. Nilisimama kikaoni nikasema yote, nikalipa kidogo kidogo mpaka deni likaisha. Wengine walitaka nijiuzulu. Wakapiga kura, nikabakizwa kwa sharti: sanduku halifunguliwi tena ila mbele ya kikao, hata mwombaji awe mwenyekiti. Sharti hilo lipo mpaka leo.

Na kazi ya gololi hatukuiacha. Safari hii tulifanya kama misafara ya zamani: tuliuliza kwanza. Tukaenda na sampuli chache, tukasikiliza. Tukaambiwa gololi ndogo, kamba ndefu kidogo, na vishikio vya funguo. Gundi tukahamia ile ya mirija miwili inayochanganywa, na kila kidani kinalala siku nzima kabla ya kuuzwa. Sufuria ya gololi haipiki chakula tena, na asiye na miwani hasogei kwenye ndoo, maana kipande cha kioo hakina rafiki.

Leo yule mama aliyeninunia ndiye fundi wetu wa moto, na ndiye anayeshika ufunguo wa kwanza. Wanangu na wajukuu mtakaosoma kitabu hiki, haba na haba hujaza kibaba, lakini kibaba ni cha wote.

Mwenyekiti wenu